Nyumba kuu ya shamba la mkonge Lindi kugeuzwa kituo cha jamii: tuanzie wapi?

Kamati_NyumbaKuu (Lindi)

Wakuu, habari za majukumu. Kijiji chetu kiko nje kidogo ya Lindi mjini, ndani ya lililokuwa shamba la mkonge. Nyumba aliyokuwa anakaa meneja enzi za Mwingereza bado imesimama, na mkutano mkuu wa kijiji umeridhia iwe kituo cha jamii: ukumbi wa mikutano, chekechea, chumba cha vikoba na cha AMCOS (ushirika wa wakulima) msimu wa korosho, pamoja na maktaba ndogo.

Hali ilivyo. Nyumba ni mita 18 kwa 11 kwa nje, kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene sentimita 50, kimo mita 3.6. Mbele upande wa mashariki kuna kibaraza cha upana wa mita 2.5. Paa ni bati la zamani juu ya kenchi za mbao ngumu, ila jiko la nyuma limeezekwa kwa asbestosi. Kuta za nje ziliwahi kupigwa plasta ya saruji. Sasa inabanduka kuanzia chini hadi usawa wa kiuno, ikidondoka inatoka na vipande vya jiwe, na nyuma yake kuna unga mweupe. Juu ya dirisha la kona ya kusini-magharibi kuna ufa: juu unaingiza kidole, chini unapotelea kwenye fremu.

Fundi aliyekuja kukagua anashauri tubandue yote, tupige saruji mpya yenye dawa ya kuzuia maji, tumwage mkanda wa zege juu ya kuta zote, na tuvunje ukuta wa kati (kati ya chumba cha mita 6 kwa 5 na cha mita 4 kwa 5) tupate ukumbi mmoja wa mita 10. Kabla kamati haijatoa malipo ya awali naomba wajuzi wa majengo ya pwani mtuambie: huo ndio utaratibu? Na kazi ianze na nini, maana fedha zinaingia kwa mafungu.

---

Mwashi_wa_Chokaa (Mikindani)

Ndugu, msitoe malipo hayo kwanza. Unga mweupe ndio jibu la swali lako lote.

Hiyo ni chumvi. Jiwe la matumbawe limejaa vitundu na linanyonya maji kutoka ardhini. Maji yanapanda ukutani yakibeba chumvi, kisha yanatafuta pa kutokea. Ukuta uliopigwa chokaa unayatoa kwa mvuke usoni, chumvi inabaki nje na mvua inaiosha au unaifagia. Ukiuziba kwa saruji, maji yanapumulia nyuma ya plasta. Chumvi inaganda humo humo, inavimba, inasukuma. Na kwa kuwa saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe, kinachokatika ni jiwe. Ndiyo maana plasta yenu inadondoka na vipande. Saruji mpya yenye dawa ya kuzuia maji itafanya hivyo hivyo, tofauti ni kwamba unyevu utapanda juu zaidi ukitafuta pa kutokea, na miaka michache ijayo mtakuwa mnabandua usawa wa kichwa badala ya kiuno.

Anzeni chini, kwenye ardhi. Pimeni kutoka sakafu ya ndani hadi udongo wa nje. Kwenye nyumba nyingi za aina hii udongo wa nje umepanda kwa miaka ya kufagia na kumwaga taka, hadi uko sawa na sakafu au juu yake. Ushusheni uwe sentimita 15 hadi 20 chini ya sakafu, kuzunguka nyumba nzima. Kisha pigeni mteremko wa kutoka ukutani, sentimita 5 kwa kila mita 2, na mfereji wa kokoto mita 1 kutoka ukutani wa kupeleka maji mbali. Msichimbe mfereji kugusa msingi, misingi hiyo mara nyingi ni mifupi, na mkiuacha wazi mvua inaulegeza.

Baada ya hapo bandueni saruji. Nyundo ndogo ya kilo moja na tindo bapa, mkianzia palipokwisha kuachana na ukuta (gonga kwa mpini, panapotoa sauti ya utupu ndipo). Nyundo kubwa hapana, inatingisha chokaa ya kati ya mawe. Sehemu ambazo saruji bado imeng'ang'ania kabisa na kuibandua kunang'oa jiwe, iacheni hadi mwaka wa pili, itakuwa imelegea yenyewe.

Chumvi inafagiwa kavu kwa brashi ngumu ya nyuzi, inakusanywa kwenye karai na kutupwa mbali. Msioshe ukuta kwa maji, mtairudisha ndani. Fagieni kila wiki mradi inatoka.

Na hapa ndipo kamati nyingi hukosa subira. Ukuta mnene hukauka kwa wastani wa sentimita mbili na nusu kwa mwezi kwa kila upande ulio wazi. Wa kwenu wa sentimita 50, ukiwa wazi pande zote mbili, ni kama miezi 10. Kiangazi kimoja cha Juni hadi Oktoba hakitoshi. Kwa hiyo mwaka huu pigeni plasta nyembamba ya kufyonza tu, chokaa 1 kwa mchanga 4, unene milimita 8, bila kuisugua iwe laini. Itaukinga ukuta na mvua za Desemba hadi Aprili huku ikivuta chumvi ijae ndani yake. Mwakani mnaikwangua, inaondoka na chumvi, ndipo mnapiga plasta ya kudumu.

---

Kenchi_na_Papi (Masasi)

Namuunga mkono mwashi, ila kabla ya tindo kugusa ukuta paa liwe sawa. Ukuta uliobanduliwa chini ya paa linalovuja unakunywa maji mara mbili.

Ukaguzi wa kenchi: usiangalie katikati ya mbao, angalia ncha zilizozama ukutani. Mbao ngumu za zamani kama mkongo na mvule zinaweza kuwa nzima urefu wote huku sentimita 30 za mwisho zimekuwa unga kwa mchwa na unyevu. Chukua bisibisi, dunga ncha kila moja pande tatu. Ikizama zaidi ya sentimita moja bila nguvu, hiyo ncha imekufa. Usitupe kenchi nzima. Kata sehemu mbovu hadi ufike kwenye mbao safi, unga kipande kipya kwa mkato wa mlalo wenye urefu mara tatu ya kimo cha mbao (mbao ya inchi 6, mkato wa inchi 18), kaza kwa bolti mbili au tatu za milimita 12 zenye washa pana. Kipande kipya kiwe mkongo au mninga uliokauka. Mbao ya paini isiyotiwa dawa usiiweke kwenye ukuta wenye unyevu, mchwa wa huku hawaiachi misimu miwili. Unaporudisha ncha ukutani acha nafasi ya sentimita 2 pembeni na mwisho wake hewa ipite, usiizungushie udongo wala saruji.

Mbao nunueni yenye kibali cha uvunaji na hati ya kusafirishia kutoka TFS (wakala wa misitu), iwe na alama ya nyundo. Kituo cha umma kikikamatwa na mbao za magendo ni aibu ya kijiji kizima. Na kama kuna chumba chenye boriti za mikoko zilizooza, msitume vijana kukata mikoko: ile ni hifadhi, inataka kibali.

Kuhusu upepo. Kimbunga cha Aprili 1952 kilipiga Lindi, na Aprili 2019 Kenneth kilipita karibu na Mtwara kikaangukia Msumbiji. Paa la ukumbi wa watu mia lifungwe kwa kuzingatia hilo. Kila kenchi ifungwe na ukuta kwa mkanda wa chuma bapa wa mabati, milimita 30 kwa 3, unaoshuka ukutani angalau sentimita 80 na kupigwa kwenye jiwe zito. Waya wa kufungia nondo hautoshi, unakatika kwa kutu. Papi ziachane sentimita 75, kwenye kingo na kwenye kofia ziwe 60. Bati geji 28, msishuke hadi 30 ambalo ni jembamba zaidi. Karibu na bahari bati lenye mchanganyiko wa alumini na zinki linadumu kuliko bati la kawaida la zinki. Tumieni skrubu zenye mpira, kila wimbi la pili katikati ya paa, kila wimbi kwenye kingo.

Paa la kibaraza liwe na kenchi zake peke yake, lisiendelee moja kwa moja kutoka paa kuu. Upepo huingia chini ya kibaraza kwanza. Likiwa limeungana, linang'oka na nyumba nzima. Likiwa peke yake, mnapoteza kibaraza tu.

Nakubaliana na fundi wenu kwenye jambo moja, mkanda wa juu wa kufunga kuta unasaidia. Mhandisi anisahihishe kama zege ndilo jibu.

---

Mhandisi_Kusini (Mtwara)

Mkanda unasaidia, zege si jibu kwa kuta hizi. Mkanda wa sentimita 50 kwa 20 una uzito wa karibu kilo 250 kwa kila mita. Mzunguko wa nje wa nyumba hii ni mita 58, kwa hiyo mnapandisha zaidi ya tani 14 juu ya mawe yaliyoshikwa na chokaa laini. Maji ya zege yanashuka ukutani, nondo zinakaa kwenye chumvi, zinapata kutu, zinavimba, na mkanda unapasuka kutoka ndani. Tumieni mbao mbili za mkongo za inchi 4 kwa 4, moja kila ukingo wa ukuta, zimeungwa kwa vipande vya mbao vya kukatiza kila mita moja mfano wa ngazi iliyolazwa, na kwenye kona zipishane na kukazwa kwa bolti. Mikanda ya chuma ya mkuu wa kenchi inafungwa humo. Nyepesi, na ikioza kipande inabadilishwa.

Ufa. Ufa mpana juu unaokwisha kwenye dirisha unasema mambo mawili yanayowezekana: kona inashuka au kuegemea nje, au linta (boriti ya juu) ya mbao ya dirisha imeliwa na mchwa na mawe ya juu yamelala. Toboa plasta juu ya fremu uione linta. Ikiwa nzima, tazama kona: je, maji ya paa yanamwagika hapo? Kuna mwembe ndani ya mita 5? Weka alama tatu za penseli pande zote za ufa, pima umbali kwa rula, andika tarehe ukutani, rudia kila mwezi hadi mvua ziishe. Ufa uliolala miaka 40 mnauziba. Ufa unaotembea mkiuziba utafunguka pembeni yake.

Kuuziba si kupaka. Toa mawe yaliyolegea, safisha vumbi, lowesha, kisha kila sentimita 40 za kimo weka jiwe refu bapa linalovuka ufa na kuingia ukutani angalau sentimita 20 kila upande. Utupu wa ndani unajazwa uji wa chokaa na unga wa matofali ya kuchoma, mkimimina kutoka chini kwenda juu, kimo cha nusu mita kwa siku. Mkimimina yote kwa mara moja uzito wa uji unasukuma uso wa ukuta nje.

Ukuta wa kati msiuvunje. Unabeba kenchi na unashika kuta mbili ndefu zisiegemee nje. Kinachowezekana ni kufungua uwazi mmoja wa upana wa mita 1.8. Hatua zake:

Kwanza, mirunda imara inasimamishwa chini ya kenchi pande zote mbili. Pili, kwa upande mmoja tu mnachonga mfereji wa kina cha nusu ya ukuta, sentimita 25, kwenye usawa wa linta, urefu mita 2.6 ili linta ikae sentimita 40 kila upande. Mnaingiza mbao ya mkongo ya inchi 8 kwa 8, mnabana juu yake kwa vipande vya jiwe gumu na chokaa kavukavu, mnaacha wiki mbili. Tatu, upande wa pili vivyo hivyo. Nne, baada ya wiki mbili nyingine ndipo mnatoa mawe ya chini, kutoka juu kushuka, na kujenga upya mashavu ya uwazi kwa mawe makubwa.

Mtu akikata pande zote kwa siku moja, ukuta wa aina hii hautoi onyo. Katikati yake ni kokoto na udongo wa chokaa, unamwagika.

Ushauri wangu hata hivyo ni kuacha vyumba vilivyo na kuutumia uwazi huo kuviunganisha. Mkutano wa kijiji unafaa kibarazani: mita 18 kwa 2.5 ni mita za mraba 45, wazee na viongozi wanakaa kivulini, wananchi wanaenea uwanjani. Boma la Mikindani la 1895 lilipokarabatiwa mwishoni mwa miaka ya 1990 liligeuzwa hoteli likiwa na kuta zake nene.

---

Bi_Ardhi

Nyongeza fupi kwa kamati. Kabla ya senti kutoka, hakikisheni nyumba ni ya nani kwa maandishi. Shamba lenye hatimiliki huwa ni ardhi ya jumla, si ardhi ya kijiji, hata kama wanakijiji wanalima humo miaka mingi. Muhtasari wa mkutano mkuu hauhamishi umiliki. Ombeni upekuzi ofisi ya ardhi, mpate barua inayoonyesha hati ilifutwa na eneo la nyumba limekabidhiwa nani. Ikiwa litashikwa na wadhamini, wasajiliwe RITA (wakala wa usajili na udhamini).

Sheria ya Mambo ya Kale inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Nyumba yenu ni changa kuliko hapo, ila Waziri anaweza kutangaza jengo lolote kuwa la kulindwa, kwa hiyo iandikieni Idara ya Mambo ya Kale na ambatanisheni picha. Kibali cha ujenzi kinatoka halmashauri. Zimamoto nao waje wakague mchoro kabla ya kazi, wataangalia milango: ya chumba cha watu wengi ifunguke kuelekea nje. Mlango mmoja uwe na upana wa sentimita 90 bila kizingiti, na mteremko wa kiti cha magurudumu usizidi sentimita 1 ya kimo kwa sentimita 12 za urefu. Kibaraza chenye kimo cha sentimita 45 kinataka mteremko wa mita 5.4.

Asbestosi ya jiko msiguse kabla ya kuwasiliana na NEMC (baraza la mazingira) kuhusu uondoaji na mahali pa kuizika. Haikatwi, haivunjwi, haifagiliwi kavu. Inaloweshwa, misumari inatolewa bila kupasua, bati linashushwa zima, linafungwa kwa nailoni nene tabaka mbili na kuandikwa. Barakoa za kitambaa hazifai kazi hiyo, inatakiwa ya kuchuja vumbi laini, daraja la FFP3. Watoto wa chekechea watacheza pale, vipande vidogo vilivyobaki kwenye udongo viokotwe kwa mkono wenye glavu.

---

Kamati_NyumbaKuu (Lindi)

Shukrani sana wakuu, kamati imesoma yote na malipo ya awali tumeyasimamisha. Mwashi wetu wa Mikindani, tusaidie hesabu: plasta ya kudumu ya nje itataka chokaa kiasi gani, na tunaichanganyaje? Mjini tunapata chokaa ya unga ya mifuko ya kilo 25. Mchanga wa ufukweni upo bure, wa mto ni wa kununua. Na nyuzi za mkonge tunazo nyingi, kuna mzee anasema zamani zilitiwa kwenye plasta.

---

Mwashi_wa_Chokaa (Mikindani)

Hesabu: mita 58 kwa 3.6 ni mita za mraba 209, toa milango na madirisha zibaki kama 180. Tabaka mbili jumla milimita 20 ni mita za ujazo 3.6. Ukuta wa mawe una mabonde, ongeza theluthi, ziwe 4.8. Mchanga ni karibu ujazo huo huo, chukueni mita 5.5 kwa upotevu. Chokaa iliyolowekwa ni theluthi ya hapo, kama lita 1,600. Mfuko wa kilo 25 hutoa lita 35 hadi 40 za chokaa nzito, kwa hiyo mifuko 45 hadi 50 pamoja na ya upotevu. Nunueni iliyofika karibuni na isiyo na mabonge. Mfuko uliokaa ghalani ukipata hewa unakufa, haushiki tena.

Chokaa ya unga ilowekeni kwenye mapipa au shimo lililotandikwa nailoni, wiki mbili au zaidi, daima ikiwa na maji sentimita 5 juu yake. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyokuwa laini kama siagi. Mkipata chokaa bichi iliyochomwa (ambayo haijazimwa kwa maji), tieni chokaa kwenye maji kidogo kidogo, kamwe msimwage maji juu ya chokaa, inaruka na kuchemka. Miwani, glavu, na ndoo ya maji safi karibu.

Mchanga wa ufukweni hata wa bure hapana, mtakuwa mnanunua chumvi ile ile mnayoitoa. Wa mto nao upimwe: jaza chupa nusu mchanga, ongeza maji, tikisa, acha usiku kucha. Tope la juu likizidi sehemu moja ya kumi na mbili ya mchanga, uoshwe kwanza. Maji ya chupa hiyo yakaushe juani kwenye sahani nyeusi, yakiacha ukoko mweupe tafuteni mchanga mwingine. Chekecheni kwa wavu wa milimita 5 kwa tabaka la kwanza, 3 kwa la mwisho.

Mchanganyiko ni chokaa 1 kwa mchanga 3. Chini hadi kimo cha mita moja ongezeni nusu sehemu ya unga wa matofali ya kuchoma, unasaidia chokaa kushika penye unyevu. Mzee wenu yuko sahihi kuhusu mkonge: kateni nyuzi urefu wa sentimita 2 hadi 4, kilo 3 hadi 5 kwa mita moja ya ujazo, tabaka la kwanza tu. Zitawanywe kwa vidole, bonge la nyuzi ni mahali pa ufa. Zitiwe siku ile ile ya kupiga, zikilala kwenye chokaa mbichi zinadhoofika.

Ukuta uloweshwe jioni na tena asubuhi. Tabaka lisizidi milimita 12. Anzeni upande wenye kivuli na mfuate kivuli kinavyozunguka. Kusi la Julai ndilo adui, linakausha uso kabla ya ndani, plasta inabaki unga na nyufa za utando wa buibui. Tundikeni magunia ya korosho yaliyoloweshwa, yasiguse ukuta, na yanyunyizieni mara tatu kwa siku kwa siku saba. Tabaka la pili linakuja pale kidole gumba hakizami tena lakini ukucha bado unachora. Mwisho mpake chokaa nyepesi kama maziwa, mikono mitano (yaani mara tano), kila mmoja mwembamba hadi unaona jiwe kupitia ule wa kwanza. Mmoja mzito unabanduka kama ganda.

Vibarua wapangieni Juni hadi Agosti mwishoni. Ikifika Septemba korosho zinaanza kudondoka na hamtapata mtu wa kunyunyizia magunia.